Mfuto au Tele? Maswali Yenu Kuhusu Maduka na Baraza za Lamu ya Zamani

Toleo lililopita tuligusia Lamu ya enzi za Malkia Victoria (1837–1901): mji wa Sultani wa Zanzibar, ambao baadaye uliingiwa na Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na mwaka 1895 na serikali ya Uingereza yenyewe. Maswali yamekuja mengi, na karibu nusu yake yanauliza bei. Kabla ya bei, wanunuzi wa zama zile waliuliza kipimo. Nasi tutafuata mwendo huo.

Assalamu alaykum. Siku ya wazazi wanafunzi wangu wataigiza duka la Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka ya Lamu, mwaka 1890. Muuzaji ataje fedha gani, na mezani tuweke nini? – Mwalimu wa shule ya msingi, Mokowe

Waalaykum salaam, Mwalimu. Anza kwa kuiondoa meza. Mwenye duka alikaa juu ya mkeka, miguu ameikunja, bidhaa zimemzunguka kiasi cha kuzifikia bila kusimama. Mnunuzi alikaa kwenye ukingo wa baraza, au alisimama nje njiani. Nyuma ya muuzaji panga majora ya nguo za pamba, merikani na kaniki. Mbele weka vikapu vya mchele na mtama, tende za Uarabuni, chumvi, papa mkavu, samli ndani ya mtungi, uto wa simsim, tambuu na popoo, chokaa na tumbaku yake. Debe la mafuta ya taa linaruhusiwa, kwani mafuta ya Marekani yalikuwa yakifika pwani ndani ya makasha ya mbao, kila kasha na madebe mawili. Mkiweka gunia la unga wa sembe, wazee watawacheka: chakula cha mji kilikuwa wali na mtama.

Fedha zilikuwa za aina tatu, nazo zilitembea pamoja. Kubwa ni riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa. Ya pili ni rupia ya Hindi. Ya chini ni pesa ya shaba. Rupia 1 ilikuwa anna 16, na anna 1 pesa 4, kwa hiyo rupia ni pesa 64. Kwa hesabu ya sarafu za Sultani Barghash, riale 1 ilikuwa pesa 136, maana yake rupia mbili na pesa 8 juu. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Dukani pesa za shaba zikizidi mjini thamani yake hushuka, zikiadimika hupanda, na muuzaji mjanja alijua leo akatae kuvunja riale au aifurahie. Mpeni mtoto mmoja jukumu la kubishana juu ya chenji, ndipo igizo litakuwa la kweli.

Mkikata sarafu za kadibodi, pesa ya Barghash ya mwaka 1299 Hijria (1882) ina picha ya mizani upande mmoja. Pesa ya Kampuni ya 1888 nayo ina mizani. Pesa yenye kichwa cha Malkia iliyopigwa kwa ajili ya Protektoreti, yaani himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ni ya 1897 hadi 1899, kwa hiyo msiitumie katika igizo la 1890. Senti zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na shilingi 1921. Bango la "shilingi mbili tu" litaliharibu igizo lote.

Orodha ya bei hatukupi, kwa sababu bei ilifuata pepo. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba, na tende zikawa tele. Kusi ikishika nguvu katikati ya mwaka, bahari hufungwa, na aliyeweka akiba ghalani ndiye hutaja bei.

Na kitambaa je? Mtoto wangu ndiye mteja katika igizo hilo hilo, ameambiwa aombe "mita mbili za merikani". – Mama mzazi, Mokowe

Asiombe mita, Mama. Aombe shuka moja, au doti. Kipimo ni mkono: kutoka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 2 ni wari, mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Jora la merikani lilihesabiwa wari 30, yaani mikono 60. Ukilikata kwa doti unapata doti 7 na shuka moja inabaki, na shuka hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta maneno, kwa sababu ilikuwa imekwisha "kuliwa" na mikono mirefu.

Ugomvi ulikuwa ni mkono wa nani. Mkono wa mtu mfupi na wa mtu mrefu hupishana hata vidole vitatu, na kwenye doti moja tofauti hiyo inafika mkono mzima. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili alikwenda dukani na ndugu yake mrefu. Hila nyingine ya muuzaji ni kuvuta nguo kwa nguvu anapopima, halafu ikilegea hupungua. Mfundisheni mtoto adai nguo ilazwe juu ya mkeka kwanza.

Merikani yenyewe ilitoka Marekani, hasa Massachusetts, baada ya mkataba wa 1833 baina ya nchi hiyo na Sultani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 vilipoikata njia hiyo, nguo za Uingereza na baadaye za viwanda vya Bombay zilichukua nafasi, lakini jina halikubadilika. Nguo nyingi kati ya hizo zilijazwa wanga na udongo mweupe ili zionekane nzito. Dawa yake ni kusugua pembe ya nguo baina ya viganja: vumbi likidondoka, ujue baada ya kufuliwa utabaki na wavu.

Nimerithi kopo la mbao kutoka kwa bibi. Wengine wasema ni kibaba, wengine kisaga. Nitajuaje, na mchele wa kilo moja ni vibaba vingapi? – Bi. wa Langoni, Lamu

Bibie, chukua mchele mkavu, mimina taratibu mpaka ujae, kisha pitisha kijiti kilichonyooka juu ya mdomo wa kopo ili uwe sawasawa. Huo ndio mfuto. Sasa pima kwa mizani ya jikoni. Ukipata gramu 650 hadi 700 hivi, una kibaba. Ukipata mara mbili yake, ni kisaga. Mara nne, ni pishi. Kilo yako moja basi ni kibaba kimoja na karibu nusu. Usishangae kopo lako likipotoka kidogo, kwani mafundi walichonga kwa jicho, na pishi ya mji mmoja haikulingana na ya mji mwingine.

Kipimo hiki ni cha ujazo, si cha uzito. Mtama, mchele na kunde havitakupa uzito mmoja kwa kibaba kile kile. Vitu vya uzito, kama pembe za ndovu, nta au sandarusi, vilikwenda kwa frasila, ratili 35, kama kilo 16.

Mfuto ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni tele: nafaka ijazwe mpaka ifanye kilima na ianze kumwagika yenyewe. Bei ya kibaba cha mfuto na bei ya kibaba cha tele ni bei mbili, na asiyeuliza mwanzoni alilia mwishoni. Ziada ya tele inategemea upana wa mdomo wa kopo. Kopo pana na fupi hubeba kilima kikubwa, refu na jembamba hubeba kidogo, hata kama mfuto wao ni sawa kabisa. Basi mwenye kununua kwa jumla kutoka shamba alipenda kopo pana la tele, kisha akirudi mjini kuuza rejareja alitoa kopo jembamba la mfuto. Faida ilikuwa imeshapatikana kabla bei haijatajwa.

Tazama pia ndani ya kopo lako. Kama kitako kina tabaka la gundi au nta, au kimechongwa kinene kuliko mbavu, kuna mtu aliyekula kijiko kimoja kimoja kwa miaka. Hila nyingine haikuhitaji kopo bovu. Mchele ukimiminwa kwa haraka hujipanga ovyo na kuacha nafasi. Kopo likitikiswa, nafaka hushuka na kuingia zaidi. Muuzaji alimimina, mnunuzi alitikisa, na hapo ndipo palipokuwa na vita vyote vya sokoni mbele ya Ngome.

Babangu aliacha sarafu kubwa ya fedha ya mwaka 1780. Nimeambiwa ina zaidi ya miaka mia mbili. Ni kweli? – Msomaji, Faza

Si lazima, ndugu. Riale ya Maria Theresa ilibakishiwa tarehe 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na iliendelea kupigwa Vienna na kwingineko kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa kuona sura nyingine. Tarehe haikuambii umri, ila unaweza kujua kama ni halali.

Pima: iwe gramu 28 na kitu kidogo, upana karibu milimita 40. Sumaku isiishike. Kisha isimamishe na utazame ukingo. Utaona maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yameinuka, yamekatika vizuri. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na ukingo laini au herufi zilizofifia kama zimeyeyuka, na ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti butu. Tazama pia kipini cha begani na lulu za kilemba: katika sarafu nzuri kila lulu inasimama peke yake. Wazee walizikagua hizo lulu kabla ya kupokea.

Kama ina tundu au kikonyo, ilifanywa kidani, jambo la kawaida kwa wanawake wa visiwani. Wakusanyaji wataipunguzia bei, lakini usilizibe tundu wala usiisugue kwa majivu na ndimu. Mng'aro unaoupata leo ni fedha uliyoikwangua.

Ukikuta pamoja nayo rupia, tarehe zake nyingi ni za kweli, isipokuwa ya 1840 na ya 1862, zilizoendelea kupigwa miaka kadhaa baadaye. Iliyoandikwa Victoria Queen ni ya hadi 1876, na Victoria Empress ni kuanzia 1877. Uzito wake gramu 11 na nusu na zaidi kidogo.

Nataka kuvaa leso ya kale siku ya kutia hina, ile ya kabla ya kanga za sasa. Naishonaje? – Bi harusi, Langoni

Hongera, mwanangu. Unahitaji vitambaa sita vya mkononi vya pamba, vyenye pindo lililochapwa pande zote. Zamani viliuzwa vikiwa vimeshikana kwenye jora, ukakatiwa vitatu vitatu. Ukivipata hivyo, kata vipande viwili vya vitatu, uviunganishe kwa urefu. Ukivipata kimoja kimoja, shona vitatu kwanza kwa safu, kisha safu ya pili, kisha safu mbili pamoja.

Kitambaa cha sentimita 50 kitakupa leso ya 150 kwa 100, toa sentimita moja kila mshono. Vya 40 usinunue, havitafika chini. Fua vyote kabla ya kushona, tena kwa maji ya chumvi, maana rangi nyekundu hutoka na pamba hurudi. Ukishona kabla ya kufua, mshono wa kati utakunjamana. Linganisha mapindo, yaani pindo likutane na pindo. Shona kwa mkono, mshono wa kulaza, ili usijitokeze begani. Tengeneza mbili, kwa sababu huvaliwa doti.

Usiandike jina lolote. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu.

Makala yenu ya toleo lililopita imejaa biashara na ngoma. Mbona watumwa hamkuwataja? – Msomaji, Mpeketoni

Umetushika, na swali ni la haki. Simsim na mtama uliopakiwa Lamu ulilimwa na watumwa kwenye mashamba ya bara. Mkataba wa 1873 ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, lakini haukumwacha huru mtu aliyekwisha kuwa shambani au nyumbani. Kwenye pwani ya Kenya utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1907, Malkia Victoria ameshakufa miaka sita. Hata vibarua wa bandarini wengi walikuwa watumwa waliopangishwa kwa ujira, na sehemu ya ujira ule, aghalabu nusu, ilikwenda kwa bwana. Anayetengeneza igizo au maonyesho ya duka la 1890 na asimwonyeshe aliyebeba gunia, ameonyesha nusu ya duka.

Sisi tukicheza bao tunaweka kete mbili kila shimo. Mzee mmoja kasema hilo ni bao la watoto. La wakubwa linaanzaje? – Kijana, Shela

Mzee kasema kweli, na hukutukanwa: bao la kete mbili mbili ndilo la kujifunzia. Ubao ni ule ule, safu 4 za mashimo 8, kete 64 za komwe. Tofauti iko katika mwanzo.

Kila mchezaji ana safu mbili. Katika safu ya mbele, shimo la nne kutoka kulia kwako ndilo nyumba, na mbao nyingi hulichonga la mraba. Weka kete 6 ndani ya nyumba, 2 katika shimo linalofuata kulia, na 2 tena katika linalofuata hilo. Mashimo mengine yote matupu. Ubaoni pana kete 10 zako na 10 za mwenzio, na kila mmoja anabaki na 22 ghalani.

Sasa mnanamua. Kila zamu unatoa kete moja ghalani na kuitia katika shimo lako la mbele ambalo tayari lina kete. Kama shimo la mwenzio linaloelekeana nalo lina kete, umekula: zichukue zote uzisambaze upande wako wa mbele, moja moja, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la kushoto au la kulia. Uliyekula katikati unachagua kichwa. Uliyekula kwenye kichwa au kimbi, mashimo mawili ya mwisho kila upande, lazima uanzie kichwa cha upande huo huo. Hapa ndipo wanaojifunza hukosea zaidi: wanakula kimbi cha kulia na kukimbilia kushoto.

Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, umelala, yaani zamu yako imekwisha. Ikianguka penye kete na mwenzio ana kete mbele yake, unakula tena na unaendelea kwa mwelekeo ule ule, ila kwenye kichwa na kimbi, ambako kanuni ile ya juu inabaki. Ikianguka penye kete lakini kwa mwenzio hapana kitu, unazoa zilizomo na kuendelea. Penye kula, kula ni lazima, huruhusiwi kujipitisha. Usipopata cha kula, unatakata: unatia kete yako, unazoa shimo hilo na kusambaza bila kula. Ikiwa nyumba ndiyo pekee yenye kete mbele, unatoa mbili tu, huivunji.

Nyumba yenye kete 6 au zaidi ina heshima yake. Kete yako ya mwisho ikitua humo nawe huli, una hiari: lala, au safiri nayo. Kijana husafiri mapema kwa sababu kete nyingi mkononi ni tamu. Mchezaji wa baraza huilinda nyumba mpaka ghala ya mwenzio iko karibu kwisha, maana nyumba iliyovunjwa mapema inamwachia mpinzani safu ya nyuma ijae bila wasiwasi. Ghala za wote wawili zikiisha, mchezo unahamia kwenye mtaji: sasa unaanza kwa kuzoa shimo la ubaoni, na safu yako ya mbele ikikauka yote, umefungwa.

Harusi ya 1895 katika filamu yetu fupi ipigwe ala gani? – Vijana wa sanaa, Mkomani

Zumari, ngoma kubwa na ndogo, na upatu, sinia la shaba linalogongwa kwa vijiti. Wanawake wawe na vugo: pembe za nyati zikigongwa kwa kijiti, mwendo wa pamoja wakipita vichochoroni. Wanaume wacheze kirumbizi, wawili katikati ya duara na bakora zao. Harusi ikiwa ya ukoo mkubwa, siwa, lile baragumu la heshima, ipulizwe. Ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe za ndovu ya Pate mtaziona Makumbusho ya Lamu, mkachore vipimo. Tarumbeta za beni ziacheni, au ziingizeni mwishoni kabisa kama kioja kipya. Beni ilikuwa ndiyo kwanza inaota mizizi pwani katika miaka ya 1890. Na msipange kinanda na kirumbizi pahali pamoja. Kinanda cha Lamu, mti mmoja uliochimbwa na kuwambwa ngozi, ni cha kusikilizwa ndani, hakishindani na zumari.

Hati ya babu yataja "korja 35 za boriti na korja 60 za pau". Ni ngapi? – Fundi, Matondoni

Korja ni 20. Boriti 700, pau 1,200. Hiyo ni miti ya mikoko, na kwa mpangilio wa unene kutoka chini ni fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni ya sentimita 11 hadi 14 hivi. Tazama tarehe ya hati: kama ni Februari au Machi, huo ni mzigo wa jahazi lililokuwa likingoja kusi ya kwanza kurudi Ghuba. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vya huko, kama ilivyoamua vya Mkomani, ndiyo maana aliyepokea alikataa zilizopinda hata kama hesabu ya korja ilitimia.

Tuna bahasha yenye stempu ya Kijerumani na muhuri wa Lamu. Inawezekana? – Msomaji, Lamu

Inawezekana. Wajerumani walikuwa na posta Lamu kuanzia 22 Novemba 1888 hadi 31 Machi 1891, iliyofunguliwa wakati walipokuwa wameishika Witu upande wa bara, na walitumia stempu za kwao. Soma tarehe ndani ya muhuri kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa nje ya siku hizo, ni ya kughushi. Ikiwa ndani yake, bado si dhamana, kwa sababu stempu hizo hughushiwa muhuri ili zipande bei. Usiibandue stempu kwenye bahasha, usiitie plastiki ya kubana, iweke ndani ya karatasi isiyo na asidi, na mtafute mkaguzi wa stempu kabla hamjampa mnunuzi yeyote.